Kusukasuka siagi nyumbani: mwongozo wa anayeanza, pamoja na miiko ya kazi hii

Anayeanza kusukasuka siagi huja na maswali matatu. Nimesukasuka saa nzima, mbona haitoki? Mbona imetoka laini kama mafuta ya kujipaka? Mbona siku ya tatu inanuka? Halafu lipo swali la nne, ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini: je, inawezekana kuna mtu ameifunga siagi yangu?

Nimeyajibu maswali haya vipande vipande kwa muda mrefu. Hapa nayapanga yote, na hilo la nne nimelipa nafasi yake. Siagi imebeba hofu nyingi za uchawi katika nchi nyingi, na ukishaielewa kazi yenyewe utaona hofu hizo zilianzia wapi.

Nadharia utakayohitaji ni fupi. Mafuta ya maziwa yamo ndani ya krimu kama vitone vidogo sana, kila kitone kikiwa na ngozi yake nyembamba. Ukisukasuka, vitone hugongana, ngozi hupasuka, mafuta hugusana na kushikana. Vikiwa vigumu kwa baridi, vinagongana na kuachana. Vikiwa vimeyeyuka kwa joto, vinasambaa tu. Vinatakiwa viwe katikati ya hali hizo mbili. Kwa hiyo joto la krimu lina neno kubwa kuliko nguvu za mikono yako, na anayelishika hilo ameshavuka nusu ya matatizo yote.

Andaa kwanza

- Krimu lita 1, yenye mafuta asilimia 35 hivi. Itakupa siagi karibu gramu 400. Kama unaengua mwenyewe kutoka kwenye maziwa ya ng'ombe, andaa lita 10 za maziwa mabichi.
- Chombo chenye mfuniko kinachoingia angalau mara mbili ya krimu yako: pipa la mti lenye mchi, kibuyu kilichokomaa, mtungi, au chupa pana ya kioo. Anayejifunza namshauri aanze na kioo, maana ataona kila kinachotokea.
- Kipimajoto cha jikoni. Usikiruke.
- Chujio na kitambaa safi cha shashi.
- Maji safi ya kunywa lita 4, baridi, na barafu kidogo.
- Miiko miwili ya mti au vibao viwili bapa vya kukandia.
- Chumvi laini, gramu 6 hadi 8 kwa siagi ya gramu 400.

Angalizo kuhusu maziwa ya dukani: mengi hupitishwa kwenye mashine inayovunjavunja vitone vya mafuta ili yasielee juu. Maziwa hayo hayaenguliki hata uyaache wiki nzima, na krimu iliyopitia mashine hiyo husumbua sana kutoa siagi. Soma maandishi ya pakiti kabla ya kununua.

Hatua za kazi

1. Tuliza maziwa. Yamimine kwenye beseni pana lisilo na kina kirefu, funika kwa kitambaa, weka mahali pa baridi kwa saa 24. Usiyachemshe kwanza. Maziwa yaliyochemka hupandisha krimu kwa shida, na hapo ndipo wengi huanza kukosea, kwa nia njema kabisa ya kuua vijidudu. Vijidudu tutaviua hatua ya tatu.

2. Engua. Tumia upawa, pitisha juujuu kwa taratibu. Ukizamisha sana utachota maziwa pamoja na krimu, na krimu nyepesi husumbua kutoa siagi. Mafuta kidogo yatabaki kwenye maziwa. Yaache.

3. Pasha krimu hadi nyuzijoto 66 na uishikilie hapo kwa dakika 30, ukikoroga. Fanya hivyo juu ya sufuria ya maji ya moto, krimu isiguse moto moja kwa moja. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya brusela, ugonjwa wa mifugo unaowaambukiza watu, na vya kifua kikuu cha ng'ombe, na kusukasuka hakuviondoi. Najua wapo watakaosema wazee hawakupasha. Ni kweli, na wengine waliugua homa zisizokwisha bila kujua zilikotoka. Ukimaliza, poza haraka kwa kuweka chombo kwenye maji ya barafu. Kama krimu yako imeshapashwa kiwandani, ruka hatua hii.

4. Chachusha ukitaka. Changanya vijiko viwili vya mtindi mzuri, ule usiopashwa baada ya kuganda, kwenye lita 1 ya krimu. Acha kwenye nyuzijoto 20 hivi kwa saa 12 hadi 24, mpaka iwe nzito na itoe harufu ya uchachu wa kupendeza. Krimu iliyochachuka hutoa siagi upesi zaidi, na mafuta machache hupotea. Ladha yake pia imekamilika zaidi, na mimi sijarudi kwenye ile isiyochachushwa tangu nilipoionja. Ikinuka uozo badala ya uchachu, imwage.

5. Laza krimu kwenye baridi, usiku mzima ikiwezekana. Hapa mafuta ndani ya vitone huanza kuganda. Krimu iliyotoka kwenye joto na kupozwa nusu saa tu itakudanganya: kipimajoto kitasoma sawa, kumbe mafuta ndani bado ni majimaji. Asubuhi, iache ipande taratibu hadi nyuzijoto 12 au 13 wakati wa joto, 14 hadi 16 wakati wa baridi.

6. Tayarisha chombo. Kisuuze kwa maji yanayochemka, kisha kwa maji baridi. Chombo cha kioo kipashe moto kwa maji ya uvuguvugu kabla ya yale ya moto, na kisipoe ghafla, kitapasuka. Miiko ya mti nayo ichovye hivyohivyo na uiache majini, kwa sababu mti mkavu hung'ang'ania siagi. Mimina krimu isizidi nusu ya chombo.

7. Sukasuka. Shika mwendo mmoja, pigo moja kwa kila sekunde au karibu na hapo. Katika dakika chache za mwanzo fungua mfuniko mara mbili tatu ili hewa itoke. Krimu itaanza kwa kutoa povu. Baadaye itakuwa nzito, itagoma kuchezacheza, na utahisi kama chombo kimekuwa kizito au kimekufa mkononi. Wengi hukata tamaa hapo, nao wamebakiza kidogo tu. Endelea kwa mwendo uleule. Kwa kawaida kazi nzima huchukua dakika 20 hadi 40.

8. Sikiliza. Sauti nzito ya matope hubadilika ghafla kuwa mchapo wa majimaji. Kwenye kioo utaona ukuta uliokuwa umepakwa weupe ukisafika. Ndani kuna chenga za manjano zinaelea kwenye mtindi, yaani majimaji yanayobaki mafuta yakishashikana. Sasa punguza kasi, piga mara chache tu, na SIMAMA chenga zikifikia ukubwa wa punje za mtama. Ukiendelea hadi zigeuke bonge, mtindi utafungiwa ndani ya bonge, na hautaosheka. Siagi nyingi zinazonuka mapema ziliharibiwa na furaha ya dakika hii.

9. Chuja. Mtindi unaotoka ni chakula kizuri, uweke kando.

10. Osha. Rudisha chenga chomboni, mimina maji baridi kiasi sawa na mtindi uliotoka, zungusha taratibu, mwaga. Rudia mara mbili au tatu hadi maji yatoke safi kama yalivyoingia. Maji yawe baridi kidogo kuliko siagi. Yakiwa ya barafu tupu chenga huwa ngumu na hazikandiki.

11. Kanda kwa miiko. Bonyeza, kunja, bonyeza tena, ukimwaga maji yanayotoka. Nyunyiza chumvi katikati ya kazi. Usitumie mikono mitupu, joto la kiganja linatosha kuyeyusha siagi. Acha kukanda pale ukibonyeza na usione tena matone.

12. Hifadhi kwenye chombo kilichofunikwa vizuri, mbali na kitunguu na samaki, kwa sababu siagi hunyonya harufu. Yenye chumvi hukaa wiki mbili hadi tatu kwenye friji. Isiyo na chumvi iliwe ndani ya wiki moja.

Miiko, kago na mwizi wa siagi

Kiswahili kina neno mwiko kwa maana mbili: kijiko cha mti, na jambo lililokatazwa. Katika kazi ya siagi yote mawili yamekaa chombo kimoja.

Ireland ndiko nilikokuta miiko mingi zaidi. Mgeni akiingia nyumbani wakati siagi inasukwa, sharti aibariki kazi kwa jina la Mungu na apige mapigo machache mwenyewe. Asiyefanya hivyo alishukiwa kuondoka na baraka ya siagi. Moto haukutolewa nje wakati huo, hata kaa la kuwashia kiko. Tarehe 1 Mei, siku ya mwanzo wa kiangazi kwao, ilikuwa ya hatari kuliko zote: familia haikutoa moto, maziwa wala chumvi kumpa jirani. Iliaminika kwamba mchawi huamka alfajiri hiyo akikokota kitambaa juu ya umande wa malisho ya mwenzake, na kwa umande ule anajichukulia siagi ya mwaka mzima. Wengine walisema hugeuka sungura na kunyonya ng'ombe usiku.

Kago, yaani kinga, zilikuwa nyingi. Huko na Uskoti walifunga kijiti cha rowani, mti mdogo wa Ulaya wenye matunda mekundu, kwenye pipa. Walitia sarafu ya fedha ndani, walipigilia kiatu cha farasi, au walichovya chuma chenye moto mwekundu ndani ya krimu ili kumchoma mchawi kwa mbali.

Iceland walikuwa na hadithi ya kutisha zaidi. Mwanamke huiba ubavu wa maiti makaburini, anauvingirisha kwa sufu, anautemea divai ya kanisani, hadi unakuwa kiumbe kiitwacho tilberi. Kiumbe hicho hunyonya mifugo ya watu na kuja kutapika maziwa kwenye pipa la mwanamke huyo. Siagi yake, walisema, ukiichora alama ya msalaba huvunjika vipandevipande. Na katika makanisa ya zamani ya Denmark na Sweden bado ipo michoro ukutani ya mwanamke anayesuka siagi huku mashetani wamemzunguka.

Sasa tazama chuma cha moto. Krimu iliyo baridi mno haitoi siagi hata ukeshe. Ukichovya chuma chekundu, joto la krimu linapanda nyuzi kadhaa, na siagi inatoka baada ya dakika chache. Aliyefanya hivyo aliona kwa macho yake kwamba dawa imefanya kazi, na haikuwa rahisi kumwambia vinginevyo. Mgeni kupiga mapigo machache ni mikono mipya iliyopumzika, ikija wakati mwenye kazi amechoka na mwendo wake umeanza kulegea. Uingereza kuna ubeti uliorekodiwa katika karne ya 17, unaoibembeleza siagi ije kwa sababu Petro amesimama langoni anangoja mkate wake wa siagi. Ukiuimba tena na tena mkono unashika mwendo usiobadilika, na mwendo usiobadilika ndio unaotakiwa. Kijiti cha rowani na sarafu sijaona zinachofanya ndani ya krimu, na sarafu sikushauri uitie: kitu kilichopita mikono mingi hakifai kukaa ndani ya chakula.

Kwa nini hofu yote hii kwa chakula kimoja? Kwa sababu siagi ilikuwa pesa. Mji wa Cork, Ireland, ulianzisha soko lake rasmi la siagi mwaka 1770, likauza hadi ng'ambo, na kwa nyumba nyingi za wakulima pipa la siagi ndilo lililolipa kodi ya shamba. Pipa likigoma, mtu alitafuta wa kumlaumu, na mara nyingi aliyelaumiwa alikuwa jirani mwanamke, mzee au mjane, aliyekuja kuomba maziwa siku isiyofaa. Hili linaniuma kila ninaposoma habari hizi. Watu wamechukiwa maisha yao yote kwa sababu ya krimu iliyolala kwenye baridi, au ya ng'ombe aliyekaribia kukauka maziwa.

Afadhali India. Huko mwizi wa siagi ni Krishna, mungu wa Wahindu, akiwa mtoto, anayepanda juu ya wenzake kuifikia chungu iliyoning'inizwa, na kila mwaka watu husherehekea kuzaliwa kwake kwa kupandana mabegani na kuvunja chungu kama ile. Usukaji wao wa asili ni wa mtindi, si krimu: kijiti kinazungushwa kwa kamba inayovutwa huku na huku. Katika masimulizi yao miungu na mashetani walisuka bahari ya maziwa namna hiyohiyo, mlima ukiwa kijiti na nyoka akiwa kamba.

Ukinisikiliza mimi, mkaribishe mgeni apige mapigo yake, na uimbe ukipenda. Jirani mwache na amani yake.

Ikikwama

*Saa nzima na haitoki.* Pima joto kabla ya kufanya jambo lolote. Siku moja nilisukasuka karibu saa mbili hadi mabega yakafa ganzi. Bibi yangu akaja, akaweka kiganja kwenye chombo, akasema, "Hii imelala baridi, mjukuu wangu," akakisimamisha kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Dakika kumi baadaye nilisikia mchapo wa majimaji. Ikiwa krimu iko chini ya nyuzijoto 10, fanya alivyofanya yeye, ukipima kila baada ya dakika mbili. Usimimine maji ya moto ndani.

*Povu limejaa hadi kwenye mfuniko.* Umejaza kupita kiasi, au krimu ni nyepesi. Toa nusu, iache itulie kidogo, usuke kwa awamu mbili.

*Joto liko sawa, chombo hakijajaa, bado inagoma.* Uliza habari za ng'ombe. Anayekaribia kukauka hutoa maziwa yenye vitone vidogo na vigumu, navyo hushikana kwa shida. Changanya krimu yake na ya ng'ombe aliyezaa karibuni, ichachushe, na upandishe joto hadi nyuzi 16 au 17. Nina hakika ng'ombe wengi waliodhaniwa kurogwa walikuwa katika hali hii.

*Imetoka laini, inang'aa kwa mafuta, na mtindi wake ni mzito mweupe.* Krimu ilikuwa ya moto. Weka chombo kwenye barafu kwa robo saa, osha kwa maji baridi zaidi, okoa utakachoweza. Sehemu ya mafuta imeshaondoka na mtindi.

*Inanata kama gundi.* Umeikanda kupita kiasi. Haina madhara, ila haitakuwa na umbile zuri, itumie kupikia.

*Inatoa matone ikikaa.* Haikukandwa vya kutosha. Irudishe kwenye miiko.

*Ni nyeupe.* Kama maziwa ni ya mbuzi au nyati, ndivyo ilivyo. Ya ng'ombe hupauka akilishwa majani makavu, na hurudia umanjano akipata nyasi mbichi. Mbuzi pia hupandisha krimu kidogo mno kwa kutulizwa beseni. Kwake utahitaji mashine ya kutenganisha.

*Ni chungu au inanuka.* Krimu ilikusanywa siku nyingi mno bila kupashwa, au chenga hazikuoshwa hadi maji yakawa safi. Iliyonuka haioshwi ikarudi kuwa nzuri.

Na krimu iliyokataa kabisa, lakini haijaharibika, usiimwage. Iweke kwenye sufuria nzito, moto mdogo, ukikoroga. Itachemka kwa kelele maji yakiisha, kelele zitapungua, mashapo ya kahawia yatatua chini na mafuta yatabaki juu, ya dhahabu na angavu. Epua hapohapo kabla mashapo hayajaungua, chuja kwa shashi, mimina kwenye chupa kavu. Umepata samli.